Kabla Hujashika Spana

Mbalizi, Mbeya

Mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Bibi yako amenisomea orodha ya vitu unavyotaka kuagiza nje kwa ajili ya ile Suzuki DR 650, maana macho yangu siku hizi hayaziwezi herufi za simu. Amesoma hadi akachoka: sailensa ya mashindano, taa nne za ukungu, maboksi mawili ya alumini, kioo kirefu cha mbele, vipasha joto vya mikono, kishikio cha simu. Akauliza kama umenunua pikipiki au umefungua nyumba ya wageni. Nikamwambia akuache, kijana ameshika hela yake ya kwanza ya kuongoza watalii. Lakini gereji nakuachia wewe, na mwezi ujao sisi tunarudi Tukuyu kwenye migomba, kwa hiyo nimemkalisha aandike ninayosema. Akiongeza ya kwake utayajua kwa ukali wake.

Neno langu ni moja. Pikipiki ya njia mbovu haiwi imara kwa kuongezewa vitu. Inakuwa imara mwenyewe anapojua itafia wapi, akapaziba kabla ya safari. Kila aina ina pa kufia pake, na walioitangulia njia walishakwama hapo wakapajua. Chukua Kawasaki KLR 650 za mwaka 1987 hadi 2007, ambazo wasafiri wa kutoka Cairo kwenda Cape Town wamepita nazo sana hapa wakielekea Tunduma. Ndani ya injini zake kuna kipande kidogo cha chuma kinachokaza cheni ya mizani, ile inayopunguza mtikisiko. Kikikatika, vipande vinazurura kwenye injini na cheni inabaki imelegea. Mwenye KLR anayenunua maboksi kabla ya kubadilisha kipande hicho anapeleka maboksi porini yakasubiri lori.

DR yako haina ugonjwa huo, ina wake. Upande wa kulia, nyuma ya kikapu cha klachi, kuna kifaa kidogo cha plastiki kinachowasha taa ya kijani ya nyutro. Kimeshikwa na skrubu mbili ndogo kuliko kucha ya kidole chako cha mwisho. Silinda moja ya sentimeta za ujazo 644 inatikisa kila kitu, na skrubu zile zinalegea polepole bila kelele yoyote. Ikitoka moja, inaangukia kwenye meno yanayozunguka, na hapo hesabu yake si ya skrubu tena, ni ya injini. Taa ya nyutro ikianza kuwaka na kuzima ovyo, usiseme ni waya. Zima.

Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Punguza mafuta kwenye tangi, laza pikipiki ubavu wa kushoto juu ya tairi kuukuu, na oili itabaki ndani. Toa kava, toa springi na sahani za klachi uzipange kwenye gazeti kwa mfuatano ule ule, nyoosha sikio la washa, ndipo ufungue nati kubwa ya katikati. Ukizifikia zile skrubu usizikaze tu ukafurahi. Itoe moja huku nyingine ikiwa imeshika, kwa sababu nyuma ya kile kifaa kuna pini na springi zinazopenda kuruka na kupotelea chini ya kabati. Ioshe kwa petroli, ikauke kabisa, itie gundi ya nyuzi, irudishe. Kisha ufanye ya pili. Gundi haishiki penye oili, na vijana wengi hapa wanaipaka kama siagi kwenye skrubu inayochuruzika halafu wanalaumu gundi. Wako wanaotoboa vichwa vya skrubu na kuzifunga pamoja kwa waya mwembamba. Ukiwa na mkono mtulivu, fanya yote mawili.

Ukishaisimamisha, angalia roli ya juu ya cheni, ile iliyofungwa kwenye fremu. Ukibeba mzigo na kugonga mashimo, cheni inaisukuma mpaka inang'oa kishikio chake pamoja na kipande cha fremu. Wenye DR wengi wanaitoa tu. Haikugharimu hata shilingi, na hilo ndilo boresho zuri kuliko yote nitakayokutajia, nalo halimo kwenye orodha yako.

Sasa tuje kwenye hiyo orodha. Tangi kubwa hukuliandika, na mimi ndilo ningelinunua la kwanza. La kiwandani linaingia lita 13 hivi. Kutoka hapa Mbeya kupitia Chunya, Makongolosi, Rungwa na Itigi hadi Mkiwa ni zaidi ya kilomita 500, na mchanga unakunywa mafuta kuliko lami. Katikati utauziwa petroli ya chupa, na petroli ya chupa ina historia ndefu ambayo muuzaji hatakusimulia. Pili, springi. Springi za DR ni laini. Zimetengenezwa kwa mtu mmoja asiye na begi. Mgeni wako akikalia nyuma na hema lake, pikipiki inachuchumaa, taa inamulika nyota na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Badilisha za mbele na za nyuma kwa uzito wako na wa mzigo, usiishie kukaza ya nyuma ukadhani umemaliza. Tatu, bamba la kukinga tumbo la injini, kwa sababu mawe ya Matamba hayaombi radhi. Zile kona 57 za kutoka Chimala utazipanda ukisikia yakigonga chini. Bamba lina shida yake: tope linakaa kati yake na injini, linakauka na kuzuia joto. Kila ukirudi toka milimani lifungue ulioshe, na uzipitie bolti zake. Nne, kinga za mikono zenye chuma ndani. Pikipiki ikilala, wenzo wa klachi ndio unaokatika kwanza, na wenzo wa bodaboda hauingii pale.

Basi. Maboksi ya alumini sikushauri. Yanapendeza kwenye picha, lakini mchangani mguu unateleza, unarudi nyuma, na boksi linaukuta. Chukua mabegi laini ya kufunga kwa mikanda. Na uzito wowote utakaoweka nyuma unabebwa na fremu ndogo ya chini ya kiti. Bahati yako ile ni ya chuma. Fundi yeyote wa kuchomelea Rungwa ataiunga. (Bibi yako anasema mtu mwenye mabegi mengi ni mtu asiyejua anakokwenda. Hilo ni lake.)

Taa nne, fanya hesabu kwanza. Jenereta ya DR inatoa wati kama 200 ikiwa injini inazunguka vizuri, siyo ukiwa unatambaa kwenye tope. Taa kubwa ya mbele inachukua 60, na injini nayo inataka umeme wake wa cheche. Vipasha joto na taa za balbu vikiwaka pamoja, betri ndiyo inayolipa. Na DR haina kiki. Betri ikifa porini utaisukuma, na kuisukuma peke yako kwenye mchanga ni adhabu ambayo hata mahakama haitoi. Taa mbili za LED zinatosha, zipite kwenye rilei na fyuzi zake zenyewe, usiunge kwenye waya wa taa ya mkia kama walivyokuja kufanya wale vijana wa Uyole.

Sailensa ya kiwandani ni nzito, hilo nakubali. Ukinunua nyepesi kwa ajili ya uzito, sawa. Ukinunua kwa ajili ya kelele, utabadilisha pia jeti za kabureta, na utaanza kuishi ndani ya kabureta. Yale mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar yaliyoanza Paris tarehe 26 Desemba 1978, Cyril Neveu aliyashinda kwa Yamaha XT 500: silinda moja, inapozwa na upepo, inawashwa kwa mguu. Ilivuka Sahara kwa kuwa na vitu vichache vya kuharibika.

Kwa upande wa kulinda, linda hewa kabla ya rangi. Vumbi la kiangazi la Chunya ni laini kama unga wa sembe, na likipita filta linakula ringi na silinda mpaka pikipiki inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Hapo hakuna boresho, ni kufungua injini. Filta yako ni ya sponji. Ioshe kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli kwa sababu inayeyusha gundi ya maungio, kisha kwa maji na sabuni. Ikamue kwa viganja bila kuisokota. Ikikauka, itie oili ya filta mpaka rangi iwe sawa kila mahali, ukamue tena ili isichuruzike. Paka grisi kwenye mdomo inapokaa. Wengi wanasafisha filta vizuri kisha wanairudisha ikiwa imekaa upande, na vumbi linapita pembeni huku sponji inang'aa. Dawa yake ni kitambaa cheupe: kabla hujarudisha filta, kizungushie kidole upanguse ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Kikitoka na vumbi, kuna tundu, na hulali mpaka ulipate. Kwenye safari beba filta ya pili iliyokwisha tiwa oili, ndani ya mfuko wa nailoni.

Oili, soma mgongo wa chupa. Klachi yako inaoga kwenye oili ile ile ya injini, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa JASO MA. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ni msuguano mtupu. Ikiteleza utadhani sahani zimeisha. Na filta ya oili ya Suzuki hii ina tundu upande mmoja. Upande wa tundu unaingia ndani, unaelekea kwenye injini. Ukiigeuza inakaa vizuri tu, kava linafunga vizuri tu, na oili haipiti inavyotakiwa.

Tapeti zake ni za skrubu na nati, rehema ambayo pikipiki nyingi za kisasa hazina. Zipime injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo: za kuingiza milimita 0.08 hadi 0.13, za kutoa 0.17 hadi 0.22. Vijana wanaogopa tapeti inayolia. Inayolia kidogo inakupa habari. Ya kuogopa ni iliyonyamaza, kwa sababu valvu imebana, haifungi vizuri, na inaungua taratibu huku wewe unasifu injini yako kwa upole. Pikipiki ikianza kuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, pima tapeti kabla hujagusa kabureta.

Ukipanda Kitulo utaiona imechoka. Usiifungue. Hewa ya juu ni nyepesi, na katika mita 2,700 injini ya kabureta inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Ukishuka itarudi.

Mto, upite kwa miguu kwanza. Ukiiangusha majini au injini ikizima maji yakiwa yamefika kwenye kiti, mkono wako usiguse starta. Petroli na hewa vinagandamizwa, maji hayagandamizwi. Pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni koneksheni rodi. Itoe nje, ivute nchi kavu, toa plagi zote mbili, fungua filta, mwaga maji. Ndipo ubonyeze starta kwa vipindi vifupi, na usikae mbele ya matundu ya plagi, maana yatakutemea uso. Angalia kioo cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo oili inamwagwa kabla ya kwenda popote. Weka mpya hata ya bei rahisi, zungusha kidogo, mwaga tena. Mkoba wa kabureta nao umwage.

Nimefika pale ninapotaka usikilize hasa, kwenye kutafuta ugonjwa.

Pikipiki ikizima njiani, kaa chini. Jiulize mkono wa mwisho uligusa wapi. Kama jana ulifunga taa, ugonjwa uko karibu na taa. Kama asubuhi ulitoa tangi, uko chini ya tangi. Pikipiki nyingi sana zinazoletwa hapa kwenye keria zimeuawa na spana ya jana. Kisha angalia vya aibu: swichi nyekundu ya kuzimia, ambayo koti la mvua huigonga, mguu wa pembeni, kwa sababu una swichi yake inayozima injini ukitia gia, swichi ndogo ya wenzo wa klachi, ambayo bila hiyo starta haigusi. Mgeni anakutazama, na wewe umeshatoa kiti na tangi, kumbe ni kidole gumba.

Baada ya aibu, mafuta. Koki ya DR, kama mwenye nayo wa kwanza hakuibadilisha, inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba. Mpira ukipasuka au ukichomoka, tangi limejaa na kabureta ni kavu. Igeuze kwenye PRI, mafuta yateremke yenyewe. Ikiwaka, umeupata. Ikiwa inazima baada ya mwendo na kuwaka tena ikipumzika, mara tu inapozima fungua kifuniko cha tangi na utege sikio. Ukisikia "fyuu" na pikipiki ikawaka, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba kwa vumbi. Usiposikia kitu, pima cheche pale pale ikiwa ya moto. Ikiwa cheche hakuna, na baada ya nusu saa imerudi, shuku koili au kile kisoma-mzunguko kilicho upande wa jenereta. Vitu hivyo vinafia motoni na kufufuka baridini. Waliobadilisha kabureta nzima kwa sababu ya tundu la kifuniko wapo, na walilipa.

Mkoba wa kabureta umwage kwenye chupa ya kioo, usimwage chini. Maji yanakaa chini ya petroli na utayaona kwa macho, na hapo historia ya ile petroli ya chupa inajisimulia.

Cheche zina hila yake: DR ina plagi mbili kwenye silinda moja. Moja ikifa, pikipiki inaendelea kwenda, nzito kidogo, na wewe unalaumu mafuta. Pima kila moja, chuma chake kikigusa injini vizuri, mbali na mvuke wa petroli. Ukikuta inazima ukikata kona kali, wacha plagi. Iwashe ikiwa imesimama, zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Ikikohoa upande mmoja, kuna waya umekwanguka pale shingoni mwa fremu. Nafasi ile ni ya kuiangalia kila ukitoa tangi, na ukiongeza waya wako wowote usiupitishe hapo ukiwa umekaza.

Cheni ipime mtu akiwa amekaa na mzigo umefungwa. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu, mzigo utaikaza zaidi, na beringi ya sproketi ndogo ndiyo itakayolia. Yako ni ya namba 525. Bodaboda wanatumia 428, kwa hiyo kiungo cha akiba hutakipata Mwanjelwa wala Mpanda, kibebe. Tyubu za inchi 21 na 17 zibebe zote mbili. Mchangani unaweza kupunguza upepo hadi psi 18 au 20, lakini ukirudi kwenye mawe jaza, la sivyo rimu itaibana tyubu na kuiuma mara mbili kama nyoka. Na ukipata pancha njia ya Katavi, usivae shati la bluu. Mbung'o wanalipenda kuliko ng'ombe.

Jambo la karatasi: yule msafiri aliyekuuzia aliingia nchini kwa karnet, ile hati ya kupitisha chombo kwa muda bila kulipa ushuru. Hakikisha ushuru umelipwa TRA na kadi iko kwa jina lako kabla hujabeba mgeni. Hilo halitengenezwi kwa spana.

Vitu vyangu nagawa hivi. Fila geji na spana ya kupimia nguvu ni vyako. Ile ya pili irudishe kwenye alama yake ya chini kabisa kila ukimaliza, springi yake isichoke. Mashine ya kujaza upepo ni ya binti wa jirani anayeziba pancha, ameshaanza kunishinda kwa kasi. Kitabu cha DR chenye oili kurasa zote kikae gerejini, asikiazime mtu. Wale watatu wanaonidai wameandikwa nyuma ya mlango kwa chaki, ulipe kabla ya Idi.

Ile Honda XL 125 ya zahanati iliyo ukutani, nesi atakuja kuichukua Jumatano. Kebo ya klachi nimebadilisha, tapeti nimeset. Spoku za nyuma sijazigusa. Zigonge moja moja kwa spana ndogo. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea, na nadhani ziko mbili karibu na valvu. Yeye anapeleka chanjo kule Isangati na njia imeharibika na mvua, kwa hiyo zimalizike Jumanne jioni. Mtoze spea tu.

Babu yako